Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya wa Kaunti ya Lamu kuhusu sukari ya wazee wetu na akili zao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu, Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti, na maafisa wote mnaosimamia hospitali, vituo vya afya na zahanati za visiwani na za bara.

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, ninawaandikia kuhusu jambo ambalo halimo katika daftari la kliniki ya sukari. Mzee wa miaka sabini na kitu akifika kliniki huulizwa habari za macho, huangaliwa nyayo kama zina kidonda, hupimwa presha, na mkojo wake hutazamwa kwa ajili ya figo. Yote hayo ni mema, na ninawashukuru wauguzi wanaoyafanya katika vyumba vyenye joto, foleni ikiwa imefika nje. Lakini haulizwi kama siku hizi anasahau, kama amewahi kupotea njia ya msikiti anaouendea tangu utotoni, wala kama ni yeye mwenyewe anayejipa dawa au kuna mtu anayemhesabia. Ubongo umeachwa nje ya matibabu ya sukari, ilhali ndio ambao mgonjwa anautegemea ili akumbuke kila agizo mnalompa. Ombi langu kwenu ni kwamba sukari ya mtu mzima aliyefika uzeeni itibiwe katika kaunti hii kwa kuutazama ubongo wake, inapopanda na, zaidi ya hapo, inaposhuka.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate na mkazi wa Amu, yaani mji wa Lamu, na kwa kuwa ninaweza kuvisoma vyeti vya hospitali vilivyoandikwa kwa Kiingereza, jamaa na majirani wamenifanya msindikizaji wao wa kliniki. Sikusomea udaktari. Ninayoyaleta hapa ni yale niliyoyaona nikisindikiza, pamoja na yale yaliyochapishwa na watafiti na kukubaliwa na mashirika ambayo miongozo yake nyinyi wenyewe mnaifuata.

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia, na kwa kawaida nishati hiyo hutokana na glukosi inayoletwa na damu. Akiba yake ni ndogo mno, kwa hiyo haustahimili kukatiwa. Wala haustahimili kujaziwa kupita kiasi. Sukari inapokaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu, na ijapokuwa tumezoea kuusikia uharibifu huo ukitajwa kwa macho na figo, mishipa ya ubongoni nayo haisalimiki. Hapo hutokea viharusi vidogo ambavyo havimwangushi mtu wala havimpindi mdomo, ila kila kimoja huondoka na kitu: leo jina la mjukuu, kesho hesabu ya chenji dukani.

Mwaka 2013 watafiti wa jimbo la Washington, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 2,067 wenye umri wa wastani wa miaka 76, ambao hawakuwa na ugonjwa wa kupoteza akili, yaani dimensia, ule wa kumbukumbu na fikra kufifia, utafiti ulipoanza. Katika muda wa takriban miaka saba, watu 524 kati yao waliupata ugonjwa huo. Wale wenye kisukari ambao wastani wa sukari yao ulikuwa milimoli 10.5 kwa lita walikuwa na uwezekano wa kuugua uliozidi kwa asilimia 40 ule wa wenzao waliokuwa na wastani wa 8.9. Kilichonishtua zaidi ni habari ya wale wasiokuwa na kisukari kabisa: hata kwao, wastani wa 6.4 ukilinganishwa na wa 5.5 uliambatana na ongezeko la asilimia 18. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hii huonyesha mambo mawili yakienda pamoja na hauthibitishi kwamba moja limelizaa jingine, na ni kweli pia kwamba wazee wa Seattle si wazee wa Siyu. Lakini tume ya wataalamu iliyokusanywa na jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa na kukadiria kwamba kuyashughulikia yote kungeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza akili duniani, na kisukari kimo katika hesabu hiyo pamoja na presha, uvutaji wa sigara, upweke, na masikio na macho yasiyotibiwa. Mengi kati ya hayo mzee mmoja wa hapa huwa nayo kwa pamoja.

Hata hivyo sukari ya juu inajulikana, na kila mhamasishaji wa afya anaitaja. Ninachokihofia zaidi kwa wazee wetu ni sukari inayoshuka, kwa sababu hiyo mara nyingi tunaileta wenyewe kwa dawa, na hakuna anayeihesabu. Kiwango kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, hapo ni pa tahadhari. Kikiwa chini ya 3.0, ubongo umekwisha kukosa chakula, na mtu huchanganyikiwa, na kikizidi kushuka huweza kupata degedege au kuzimia. Kijana hutahadharishwa na jasho, mtetemeko na moyo kwenda mbio. Mzee aliyeishi na sukari miaka mingi huenda asipate dalili hizo, na baadhi ya dawa za presha na za moyo huuficha mtetemeko na mapigo hayo ya kasi. Kwake hali huonekana kwa namna nyingine: anasema maneno yasiyofuatana, anamkaripia mkewe bila sababu, anakaa akitazama ukuta, anakikataa chakula ambacho kwa wakati huo ndicho dawa yake. Nyumbani watu husema ni uzee, au husema ana mashetani, na hutafutwa mtu wa kumsomea. Sina neno na kisomo. Ninachotaka ni kwamba kabla hakijaanza kidole kidungwe na sukari ipimwe, kwani vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kwa mtu ambaye bado anaweza kumeza, vinaweza kumrudishia akili zake katika dakika 15.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wagonjwa 16,667 wa kisukari cha aina ya pili huko California, wengi wao wakiwa watu wazima waliokwisha pita umri wa makamo. Aliyewahi kufikishwa hospitali mara moja kwa sababu ya sukari kushuka vibaya alikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa kupoteza akili uliozidi kwa asilimia 26 ule wa mgonjwa ambaye hakuwahi kupatwa na hali hiyo, na aliyefikishwa mara tatu au zaidi, uwezekano wake ulikaribia kuwa maradufu. Shari hii huenda njia zote mbili. Sukari ikishuka mara kwa mara huudhuru ubongo, na ubongo uliodhurika huisahau dozi iliyokwisha kumezwa na kuimeza tena, au humeza dawa na kusahau chakula. Ninamjua mzee, jamaa yangu wa karibu, aliyekutwa barazani baada ya alasiri akiwa hamjui mwanawe. Alipelekwa katika kituo ambacho sitakitaja, akatundikiwa maji ya sukari, akazindukana, na jioni akarudishwa nyumbani na pakiti ileile ya vidonge na maagizo yaleyale. Hakuna aliyeuliza ni nani anayempa dawa. Jibu lingekuwa kwamba anajipa mwenyewe, kutoka katika mfuko wa plastiki aliochanganyia vidonge vya presha, vya sukari na vya maumivu ya magoti.

Katika mfuko kama huo nimekuta zaidi ya mara moja vidonge vya glibenklamaidi. Ni dawa ya zamani ya kushusha sukari, ni rahisi kwa bei, na imewasaidia watu wengi; siitaji kwa ubaya. Lakini nguvu yake hukaa mwilini kwa muda mrefu, na mabaki yake, ambayo nayo yana nguvu ya kushusha sukari, takriban nusu yake hutolewa na figo. Figo za mtu wa miaka 75 hazifanyi kazi kama za kijana, kwa hiyo dawa iliyomezwa asubuhi inaweza kuendelea kuishusha sukari hadi usiku, mzee akiwa amelala na hakuna wa kumwona akichanganyikiwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeichagua gliklazaidi, dawa nyingine ya kundi hilohilo, na kuandika waziwazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa watu waliozidi umri wa miaka 60. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani nacho kimeiweka katika orodha ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa nazo. Basi, Mheshimiwa Waziri, hili ni jambo linaloweza kufanywa kwa waraka wa ukurasa mmoja: kwamba katika kituo chochote cha kaunti asianzishiwe glibenklamaidi mtu aliyepita miaka 60, kwamba wale wanaoitumia sasa waitwe na dawa ya kila mmoja wao ipitiwe upya na daktari, bila kuwakatia ghafla, na kwamba katika agizo la dawa linalofuata gliklazaidi iwemo kwa kiasi kinachotosha. Mengi niliyonayo katika barua hii yanahitaji fedha na muda, lakini waraka huo unahitaji saini tu, na ndiyo maana ningependa uanze nao.

Linalofuata ni safari yenyewe ya kliniki, ambayo nadhani haijawahi kutazamwa kama sehemu ya ugonjwa. Mzee wa Kizingitini anayetakiwa Amu huambiwa aje bila kula, ili ipimwe sukari ya mtu aliyefunga. Anaamka alfajiri, anasali, na kwa mazoea ya miaka anameza vidonge vyake, kwa kuwa hakuna aliyemfahamisha kwamba asubuhi ya kipimo vidonge hivyo vinangoja chakula. Boti inafuata maji kuliko inavyofuata saa. Mkanda, mlango wa bahari tunaoupitia, hupitika vyema maji yakiwa yamejaa, na yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, abiria hungoja. Akiteremka gatini Amu jua limekwisha panda, kisha kuna ngazi, kuna vichochoro, kuna foleni ya faili na foleni ya daktari. Kufikia saa tano mtu huyu ana dawa ya kushusha sukari tumboni na hana tonge. Mashine ikionyesha 4.1, anapongezwa kwamba sukari yake ni nzuri na anaambiwa aendelee vivyo hivyo. Kama binti yake alimhurumia njiani akampa mahamri mawili na chai, mashine huonyesha 13, na hapo dozi huongezwa. Matibabu ya miezi miwili au mitatu ijayo yameamuliwa kwa namba moja ya asubuhi ambayo haifanani na asubuhi yoyote nyingine katika maisha ya mzee huyo.

Dawa ya hili inajulikana. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita, hakihitaji mtu kufunga. Mzee anaweza kunywa chai yake, akale, kisha apande boti. Yapo mashine madogo yanayokifanya kipimo hicho kwa tone la damu ya kidoleni, na yanaweza kukaa katika hospitali ya Faza na ya Mpeketoni kama yanavyoweza kukaa Amu. Ninafahamu kwamba kipimo hicho nacho hupotosha kwa mtu mwenye upungufu wa damu au mwenye chembechembe za selimundu, na pwani hii hayo yote mawili hayakosekani, kwa hiyo daktari atalazimika kukisoma pamoja na vipimo vya kidole vilivyofanywa nyumbani kwa nyakati mbalimbali za siku. Hapo ndipo wahamasishaji wa afya ya jamii wanapohitajika. Tangu Septemba 2023 serikali ya taifa imewagawia mikoba ya kazi iliyo na mashine ya kupima sukari, na wao ndio wanaoingia nyumbani na kuyaona mambo ambayo daktari hataambiwa. Lakini mashine isiyo na vijiti vya kupimia damu haipimi kitu, na vijiti vikiisha hukaa vimeisha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliwakuta takriban asilimia 88 ya watu wazima nchini hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Kwa hali hiyo kuwapa watu mashine na kuwanyima vijiti ni kuirefusha hesabu hiyohiyo.

Jambo la kiwango lenyewe linanilazimu nieleze kidogo, kwa sababu wagonjwa wetu na hata baadhi ya watumishi wa afya wanaamini kwamba sukari kadiri inavyokuwa chini ndivyo inavyokuwa bora. Marekani na Kanada waliijaribu fikra hiyo kwa watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili na hatari kubwa ya maradhi ya moyo: nusu walitibiwa kwa nguvu ili HbA1c yao ishuke chini ya asilimia 6, na nusu wakaachwa kati ya 7 na 7.9. Mwezi wa Februari 2008 ilibidi matibabu hayo ya nguvu yasimamishwe kabla ya wakati, kwa kuwa waliokuwa wakishushwa sana ndio waliokuwa wakifa zaidi. Katika sehemu ya utafiti huo iliyochunguza ubongo, wale walioshushwa sana hawakuonyesha kumbukumbu wala wepesi wa kufikiri uliowazidi wenzao baada ya miezi 40, ijapokuwa picha zilionyesha kwamba ubongo wao haukupungua sana kama wa wenzao, yaani ulikuwa umehifadhika vizuri kiasi fulani. Maana yake si kwamba sukari iachiliwe ipande, kwani ile ya juu ina madhara niliyoyataja. Maana yake ni kwamba mzee apewe kiwango kinachomfaa yeye. Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza HbA1c iliyo chini ya 7.0 hadi 7.5 kwa mzee mwenye afya njema na akili timamu, chini ya 8.0 kwa mwenye maradhi kadhaa au aliyeanza kusahau, na kwa aliye dhaifu sana, namba iwekwe kando na kilindwe kitu kimoja, kwamba sukari isishuke wala isipande hadi kumtaabisha. Katika vyeti nilivyovisoma sijawahi kuona mahali palipoandikwa kiwango cha mgonjwa huyu ni kipi. Mstari mmoja juu ya cheti ungetosha.

Kuhusu kupima kumbukumbu, chama hichohicho kinataka kila mwenye kisukari aliyefika miaka 65 achunguzwe akili yake mara moja kwa mwaka. Uchunguzi wa mwanzo ni wa dakika chache, na muuguzi anaweza kuufanya. Ninachowaomba ni kwamba msichukue karatasi ya maswali iliyotungwa kwingine mkaisoma kwa mzee wa Matondoni. Mtu ambaye hakuingia skuli lakini amehifadhi juzuu nzima, au aliyejenga majahazi kwa kukadiria kwa jicho, akiambiwa achore saa ya ukutani au ahesabu kurudi nyuma kwa saba-saba ataonekana amepungukiwa na hali hajapungukiwa. Naye mwingine aliyekwisha anza kupotea atajificha nyuma ya adabu na mizaha, kwani wazee wetu ni hodari wa kuzungumza hata pale wasipokumbuka wanachokizungumza. Aulizwe kwa Kiamu, Kipate au Kibajuni cha kwao. Aulizwe mwezi wa Kiislamu na sala iliyotoka kusaliwa, apewe majina matatu ya vitu vya nyumbani na aombwe ayataje baada ya dakika chache, aelezwe bei na noti aliyotoa kisha aulizwe chenji. Halafu aulizwe mtu wa nyumbani, kwa faragha ili mzee asiaibike, kama amebadilika mwaka huu. Waganga wa akili ndio watakaosema ni maswali gani yanafaa kupewa alama, na walimu wastaafu tuko tayari kusaidia kuyaweka katika lugha ya mahali.

Na akionekana anasahau, isiwe ndiyo hukumu. Ziko sababu zinazotibika. Anayetumia metformini, kidonge cha sukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi za miguu, ambazo husingiziwa sukari, na usahaulifu, ambao husingiziwa umri. Sindano au vidonge huurekebisha. Vilevile majonzi ya mjane, tezi ya shingo, au masikio yaliyoziba.

Mwezi wa Ramadhani unataka maneno yake. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili, matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka mara saba na nusu ndani ya Ramadhani yakilinganishwa na miezi mingine. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na asiyetarajia kupona hulisha maskini. Hilo kila mzee wa hapa analijua kuliko mimi, na bado hufunga, kwa sababu kufunga ni sehemu ya hadhi yake na hataki wajukuu wamwone anakula mchana. Kumkemea hakujamzuia hata mmoja. Kinachoweza kusaidia ni kliniki maalumu ndani ya Shaabani, ambapo daktari atawatenga wale ambao kufunga kwao ni hatari ya wazi, na kwa wengine atabadilisha dozi na saa za dawa, huku imamu au ustadhi akiwa amekaa hapohapo kueleza kwamba maulamaa wengi hawaoni kuwa kudungwa kidole kunabatilisha saumu, na kwamba aliyefikwa na sukari iliyo chini ya 3.9 afungue papo hapo. Maneno hayo yakitoka kwa daktari peke yake hupuuzwa, na kwa shekhe peke yake hukosa vipimo. Mkiwaita wote wawili katika chumba kimoja mtakuwa mmefanya jambo ambalo kaunti yenye misikiti mingi kama yetu ingepaswa kulifanya zamani.

Katika chakula sitakaa sana, maana ndilo jambo pekee ambalo wazee wamekwisha hubiriwa hadi kuchoka. Nasema tu kwamba picha za ukutani zinazoonyesha mboga ambazo hazijawahi kushuka gatini Amu hazimfundishi mtu anayekula wali wa nazi kwa samaki, muhogo, tende na kahawa kwa halua. Afadhali aonyeshwe sahani yake mwenyewe na kiasi cha kupunguza.

Nikirudi kwa Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti vituo vya afya, na kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa familia zao na kutoka kwa dola. Familia zinafanya zao. Binti ameacha biashara ya mahamri ili amlinde mamake asitoke usiku. Hilo halimo katika bajeti yoyote. Mzee anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali, ikiwa zimefika kwa wakati, analipa humo nauli ya boti ya watu wawili, kwa kuwa hawezi kusafiri peke yake, na kisha huambiwa dawa haipo anunue nje. Tangu Oktoba 2024 tumeelekezwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya taifa, na ni wajibu wenu kuieleza mamlaka hiyo kwamba kwa mzee wa kisiwani huduma iliyo ng'ambo ya maji ni nusu ya huduma. Makadirio ya bajeti hufikishwa mbele yenu kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Ninaomba safari hii yawe na kifungu chake cha vijiti vya kupimia, cha HbA1c, na cha kliniki ya kuzungukia Faza, Siyu, Pate, Kizingitini, Ndau na Kiwayu kwa boti ya kaunti, daktari akawafuate wazee badala ya wao kumfuata. Ninaomba pia kila kituo kiandike katika rejista kila tukio la sukari kushuka kwa mtu aliyepita miaka 60 na dawa aliyokuwa akiitumia, maana bila rejista hiyo mwakani tutabishana tena kwa hadithi kama hii yangu.

Nitashukuru nikipata jibu kwa maandishi kabla ya Rajabu kumalizika, ili kama mmekubali kliniki ya Shaabani pawe na muda wa kuwatangazia watu misikitini. Tafadhali nakala ya jibu hilo ibandikwe katika mbao za matangazo za zahanati za visiwani na za Hindi, Witu na Mokowe, na isomwe katika redio za hapa kwa Kiswahili, kwani wengi wa wanaohusika hawana simu za kusomea barua, na baadhi yao hawakumbuki tena kusoma.

Wabillahi tawfiq,

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Amu